Gari halina moto, mwenye gari hawezi kusema: asubuhi ya Pijo la Mzee Wafula

Wakuu wa jukwaa hili, nawasalimu nyote, wenye magari na sisi wengine wa kupenda tu kuyasoma.

Juzi kuna mwenzetu aliuliza hapa afanye nini, maana stata ya gari lake inazunguka vizuri lakini plagi hazitoi moto. Mlimjibu vizuri. Angalia koili, angalia contact, angalia waya. Mimi pia nilianza kumwandikia, kisha nikajikuta nimeacha kuandika, nimekaa naangalia ukuta.

Nilikuwa nimekumbuka asubuhi moja ya miaka ya tisini kule Komarock, Nairobi.

Nitaandika nilichokiona mwenyewe. Mahali ambapo niliambiwa baadaye, nitasema niliambiwa. Uzi ni mrefu kidogo, kwa hivyo wekeni chai karibu.

Nianze na mahali penyewe.

Court yetu ilikuwa nyumba zilizozunguka uwanja mmoja wa kuegesha magari, geti moja, soja mmoja wa kulinda. Mimi nilikuwa bachela, nimepanga chumba cha nyuma, nafanya shifti kwenye kiwanda Industrial Area. Gari sikuwa nalo. Kuendesha nilikuwa nimejifunza kwa pikapu ya kazini.

Mkabala na chumba changu aliishi Mzee Wafula na mkewe, Mama Nekesa. Watu wa magharibi, watu wa kanisa. Mzee alikuwa mfanyakazi wa reli wa siku nyingi. Kwenye kiti cha nyuma cha Pijo lake, Peugeot 504 ya kijivu, palikuwa na blanketi lililokunjwa daima. Gari lile lilikuwa la court nzima. Mama akishikwa na uchungu, ni Pijo. Maharusi wakikosa gari, ni Pijo. Sijawahi kumsikia Mzee akikataa.

Wale wa umri wangu mnakumbuka hali ya magari Eastlands wakati ule. Ukililaza nje bila kinga, asubuhi unakuta doa la mafuta chini na hewa juu yake. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Huyu mnyororo kwenye usukani, yule swichi ya siri chini ya dashibodi.

Kila kitu kilikuwa na kufuli. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya siku ya kazi. Nilikuwa nimetoka shifti ya usiku na kutembea kutoka Industrial Area mpaka nyumbani, kwa sababu matatu zilikuwa zimegoma. Kangundo Road ilikuwa imejaa watu wanaotembea kuelekea mjini, viatu mkononi. Nilifika, nikavua shati, nikaketi kitandani.

Hapo nikasikia Mama Nekesa.

Si kilio cha msiba. Alikuwa anaita jina la mumewe mara nyingi mfululizo, kila mara juu zaidi. "Baba Nekesa! Baba Nekesa! Baba Nekesa!"

Nilikimbia. Mzee alikuwa ameanguka kwenye kile kiua kidogo nyuma ya jikoni, kando ya gunia la makaa. Alikuwa amevaa suti yake ya kazini. Mdomo umeenda upande mmoja. Mkono wa kulia ulikuwa kama nguo iliyoloa, ukiuinua unaanguka. Wa kushoto ulikuwa kinyume chake. Ulikuwa umefumba ngumi, ngumi ya nguvu, nyeusi kwa vumbi la makaa.

Macho yalikuwa wazi. Alikuwa anatuona.

Mama Nekesa alijaribu kuifungua ile ngumi. Jirani yetu Mama Njeri, ambaye sauti yake ilifika nyumba za mwisho bila msaada, alimzuia.

"Wacha! Mtu akishikwa hivyo hakunjuliwi vidole. Utamvunja. Utamzidishia!"

Hakuna aliyebisha. Sote tuliwahi kusikia hivyo mahali fulani. Mama Nekesa akauachilia mkono.

Mama Njeri akasema, "Hii ni kiharusi. Baba yangu kilimshika hivi hivi. Hospitali, sasa hivi, wacha kusimama kama nguzo!"

Sasa tazameni jinsi mambo yalivyokuwa.

Wenye magari walishaondoka alfajiri, maana kwa mgomo ule barabara ingefungwa na msongamano. Datsun ya Baba Njeri ilikuwepo, lakini juu ya mawe, magurudumu mawili yako kwa fundi. Simu ilikuwa nyumba moja tu kwenye court. Tulibisha, msichana wa kazi akatufungulia, tukaikuta imefungwa kufuli ndogo pale pa kuzungushia namba. Ufunguo ulikuwa umeenda kazini na mwenyewe. Simu ya barabarani karibu na maduka haikuwa hata na mkono wa kusikilizia, ulikatwa zamani.

Lilibaki Pijo.

Tulimbeba Mzee, mimi na soja na wale kina mama, tukamlaza kiti cha nyuma juu ya lile blanketi. Mama Nekesa akaingia naye, akakipakata kichwa chake. Ufunguo tuliutoa mfukoni mwa koti. Nikaketi kwenye usukani.

Nilipozungusha ufunguo, stata ililia kwa nguvu, betri nzuri. Injini haikushika hata kidogo. Sikusikia hata kile kikohozi cha gari linalotaka kuwaka. Nikajaribu tena na tena.

"Kijana, unajua kuendesha kweli, ama unatupotezea wakati?" Mama Njeri aliniuliza kupitia dirishani.

Soja alitumwa kumwita Ochi. Huyu alikuwa fundi wa Mowlem, mtaa wa jirani, kibanda chake kilikuwa upande wa kwetu, na ndiye aliyehudumia nusu ya magari ya mtaa. Alikuja mbio na mfuko wa vyombo ukigonga mgongoni, akafungua boneti kabla hata ya kusalimia.

"Piga stata, brathe."

Nikapiga.

"Petroli inafika. Wacha nione moto." Alichomoa waya wa plagi, akaushikilia kwa bisibisi karibu na chuma cha injini. "Piga tena."

Nikapiga. Aliukazia macho ule waya. Hakuna kitu kilichoruka.

"Haina moto," Ochi akasema. "Na hii gari niliitune mwezi jana na mikono yangu. Haiwezekani."

Neno hilo la haiwezekani ndilo lililotuchelewesha. Kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameifunga ile injini ikiwa sawa, hakutaka kuifungua. Alianza kutafuta mahali ambapo mtu mwingine angekuwa amegusa.

"Labda ameweka ile swichi ya wezi," Mama Njeri akatoa wazo.

Ochi akajitupa chini ya dashibodi, kichwa kikiwa karibu na miguu yangu, akaanza kufuata nyaya moja moja. Alipapasa nyuma ya redio. Alipapasa chini ya viti. Alinyanyua kapeti. Kila akigusa kitu, ananiambia piga stata, napiga, hakuna.

Hapa ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo sikulielewa.

Kila nilipopiga stata, nyuma yangu kulikuwa na kishindo. Du. Nikiacha, kinanyamaza. Nikipiga, du, du.

Nikatazama kwenye kioo. Alikuwa Mzee. Alikuwa anagonga mgongo wa kiti changu kwa ile ngumi ya kushoto.

"Tulia, baba," Mama Nekesa alikuwa anamwambia. "Tulia, usijichoshe. Tunaenda sasa hivi."

Akaitwaa ile ngumi, akaizungushia leso yake, akaibana kifuani pake kwa mikono yote miwili. Alikuwa anaomba kwa Kibukusu, macho amefumba. Mzee alijaribu kuutoa mkono. Yeye akaubana zaidi.

Naomba msimlaumu. Ningekuwa yeye, ningefanya hivyo hivyo.

(Naona mmoja ameuliza hapo chini kwa nini hatukutafuta mkokoteni. Tuliutafuta. Soja alitumwa mara ya pili kwenda sokoni kuleta mkokoteni wa maji. Lakini kutoka Komarock hadi hospitali tuliyokuwa tunaiwazia, kwa mkokoteni, na mtu yuko hali ile? Tulikuwa tunamtazama anavyozidi kupauka.)

Ochi alitoka chini ya dashibodi, vumbi kichwani. Swichi hakuna. Akarudi kwenye injini. Safari hii akachomoa ule waya mnene unaotoka kwenye koili kwenda katikati ya kifuniko cha distributor, akauelekeza kwenye chuma.

"Piga."

Nikapiga, na hata mimi niliyeketi ndani niliusikia ule mlio. Cheche ya buluu, nene.

"Koili iko sawa! Contact iko sawa!" Ochi akapiga kelele. "Moto unafika hadi hapa, halafu unapotea."

Akabandua zile klipu mbili, akanyanyua kifuniko. Kisha akaingiza kidole mle ndani, akapapasa.

Nikatoka kwenye kiti, nikaenda kuangalia. Kwa wasioyajua magari ya kizamani, ndani ya kifuniko kile kuna kipande kidogo cheusi chenye ulimi wa shaba, kinaitwa rota. Kinazunguka kikigawa moto kwa kila plagi. Ni kidogo, kinaenea kwenye kiganja. Bila hicho, gari ni kiti cha kupumzikia.

Rota haikuwepo. Palikuwa na shina tupu.

Mama Njeri akamgeukia Ochi. "Si ni wewe uliyefungua hii gari mwezi jana?"

"Mama, na tangu mwezi jana Mzee amekuwa akienda kazini na nini, maombi?"

"Mafundi nawajua mimi! Mnatoa mpya mnaweka ya kuokota!"

"Sasa niibe rota niifanyie nini, supu? Mama, tafadhali, mtu anakufa hapa!"

Neno hilo lilimfikia Mzee. Lilikuwa limesemwa kwa sauti, na dirisha la nyuma lilikuwa wazi.

Kisha uso wa Mama Njeri ukabadilika. Alishika kiuno, akasema polepole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuijua kuwa anayo: "Ngojeni. Baba Njeri pia huitoa ya kwake. Kila jioni. Analala nayo ndani ya nyumba."

Hili la kufuata niliambiwa siku zilizofuata na Baba Njeri mwenyewe. Baada ya gari la jirani mmoja kuibwa, wanaume wenye magari pale court walikaa wakakubaliana. Swichi za siri wezi wameshazijua. Rota itolewe kila jioni na ilale ndani. Na mahali ilipo ajue mwenyewe peke yake. Mke asijue, watoto wasijue, kwa sababu wezi wakivunja mlango wakamshika mke, asiyejua hana la kusema. Waliona wanawalinda wake zao. Mimi sikuwa na gari, sikuitwa kwenye kikao.

Ochi akasema, "Leta hiyo ya Datsun, labda itakaa."

Mama Njeri alienda akarudi upesi mno. Hakutafuta.

"Huiweka ndani ya kiatu chake cha harusi," akasema. "Anafikiri sijui."

Ochi akaijaribu. Haikukaa. Shimo lake ni jingine, urefu ni mwingine. Akaigeuza, akaipuliza, akaijaribu tena kama mtu anayebembeleza, kisha akamrudishia.

"Mama Nekesa!" Mama Njeri akaita. "Baba Nekesa anaweka wapi rota yake?"

Mama Nekesa aliinua uso. Nilimwona vizuri. Kwanza hakulielewa swali. Alipolielewa, nilimwona akitafuta kichwani na kukuta hakuna kitu.

"Mimi sijui," akasema. "Hajawahi kuniambia. Kila asubuhi anaenda tu, anarudi, gari linawaka." Akamtazama mumewe. "Baba Nekesa, kwa nini hukuniambia?"

Court nzima ikaingia nyumbani kwa Mzee. Nilisikia godoro likigeuzwa, sufuria zikianguka, droo zikivutwa. Kopo la unga lilimwagwa sakafuni. Picha ziliteremshwa ukutani. Kila mtu alikuwa anafikiri angeweka wapi kama angekuwa Mzee.

Mimi nilirudi kwenye usukani. Sijui kwa nini. Nadhani sikutaka Mama Nekesa abaki peke yake kwenye gari.

Kutoka ndani ya nyumba Ochi akapiga kelele, "Hapa haipo!"

Du.

Nikainua macho kwenye kioo. Mzee hakuwa anamtazama mkewe. Alikuwa ananitazama mimi, kwenye kile kioo, na nusu ya uso wake iliyokuwa hai ilikuwa na hasira. Hasira kabisa. Kama mwalimu anayemtazama mtoto asiyeona jibu lililoandikwa ubaoni.

Nikageuka. "Mzee, unanisikia?"

Akatikisa ule mkono uliofungwa kwenye leso.

"Rota iko ndani ya nyumba?"

Mkono haukutikisika.

"Iko humu ndani ya gari?"

Akautikisa mkono kwa nguvu hivi kwamba Mama Nekesa nusura auachilie.

Niliona yote kwa mara moja. Vumbi la makaa kwenye ngumi. Gunia la makaa nyuma ya jikoni. Mzee alikuwa mashoto, nilikuwa nimemwona akiandika na akila kwa mkono ule. Alikuwa amevaa kwenda kazini. Alikuwa ameshaitoa rota ndani ya gunia hilo, na alikuwa anarudi nayo kwenye gari alipoanguka.

"Mama, fungua mkono wake."

"Nitamvunja vidole."

"Mama, fungua mkono wa Mzee. Anataka ufunguliwe."

Hakuweza. Niliinama juu ya kiti, nikaitoa leso. Ile ngumi ilikuwa ngumu kama jiwe. Nilianza na kidole kidogo, kisha kinachofuata. Mzee alinitazama muda wote na hakulalamika.

Ilikuwemo.

Nyeusi, kichwa cha shaba kinang'aa, imezama kwenye nyama ya kiganja. Ile shaba ilikuwa imemkata. Palikuwa na damu kidogo iliyochanganyika na makaa.

Mama Nekesa alitoa sauti ambayo sijui niiandikeje. Alikuwa ameishikilia yeye. Muda wote ule ambao Ochi alikuwa chini ya dashibodi, muda wote ambao watu walikuwa wanapindua godoro lake, yeye alikuwa ameibana kifuani pake, juu ya moyo, huku akimwomba Mungu awaonyeshe njia.

Sikumbuki nilivyomwita Ochi. Nakumbuka alivyofika, alivyoiona kwenye kiganja changu, na jinsi alivyoipangusa kwenye ovaroli. Aliiweka, akabana kifuniko. Nikapiga stata.

Gari lilishika mara moja. Lilinguruma kama siku zote.

Watu walikuwa wamesimama mlangoni na unga mikononi, wanatutazama.

Ochi akanisukuma kwenye kiti cha abiria, akaendesha yeye, taa zimewashwa, mkono mmoja kwenye honi, akipita pembeni mwa barabara. Wale watembea kwa miguu walitupisha. Tulipofika hospitali ndipo alipoegemea usukani, akasema, "Ningefungua kifuniko kwanza."

Nilimwambia hata hivyo asingekuta kitu. Akasema, "Lakini ningejua mapema kuwa tunatafuta nini."

Nimeona niliandike hilo hapa kwa ajili ya mwenzetu aliyeuliza juzi. Ukikosa moto, fungua kifuniko cha distributor hata kama gari lilifanyiwa tune jana.

Daktari alitueleza kwamba ubongo ukipigwa na kiharusi kama kile, mtu anaweza kujua anachotaka na mkono ukaweza kuinuka, lakini vidole vikakataa amri ya kufunguka. Mzee alijua. Alikuwa anatuambia kwa njia moja tu iliyombakia. Na kila alipotuambia, tulimwambia atulie.

Hakufa, wakuu. Alirudi nyumbani baada ya muda mrefu, akitembea kwa mkongojo. Maneno yalirudi machache, na si yale anayoyataka kila mara. Kazini hakurudi.

Jioni ile ile, wanaume wa court waliposikia, kila mmoja alimwita mkewe kando kumwonyesha mahali pa siri. Niliyasikia mengine kupitia ukutani kwangu. Kumbe wake zao wote walikuwa wanajua. Mmoja ndani ya redio mbovu, mwingine ndani ya soksi juu ya kabati. Mama Njeri alicheka hadi court nzima ikasikia: "Kiatu cha harusi! Mwizi angeanzia hapo, ndicho kiatu cha pekee ulicho nacho!"

Asiyejua alikuwa Mama Nekesa tu. Mzee alikuwa anaitii sheria ya kikao kuliko walioitunga.

Jambo la mwisho, kisha niwaachie nafasi.

Mzee aliporudi, gari lilikuwa linaendeshwa na binti yao, Nekesa, akija wikendi. Lakini kila jioni gari lilipokuwepo, Mama Nekesa ndiye aliyekuwa anatoka na kitambaa, anafungua boneti, anabandua klipu, anatoa rota. Ochi alikuwa amemfundisha. Mzee alikuwa anaketi kwenye kiti mlangoni anamtazama. Akimaliza, alikuwa anampelekea, anamwekea kwenye kile kiganja cha kushoto, anamsubiri.

Mzee alikuwa anakifunga kiganja, kisha anakifungua. Kila jioni. Polepole, kidole kimoja kimoja. Mpaka avifungue vyote ndipo Mama Nekesa anaichukua na kwenda kuificha, huku anamwambia kwa sauti ya kutusikilizisha sote mahali anapoiweka.

Soja aliwahi kulalamika kwamba sasa hata wezi wanajua.

"Waje," Mama Nekesa akamjibu. "Wakiichukua, nitanunua nyingine."

Basi, wakuu. Nilichojifunza ni kidogo tu. Sasa hivi nyumbani kwako kuna kitu ambacho ni wewe pekee unayejua kilipo, na ulikificha kwa nia njema. Ufunguo wa akiba, namba ya siri, dawa, chochote. Kabla hujalala leo, mwonyeshe mtu mmoja.

Kisha rudi hapa uandike ulimwonyesha nani, na alikuambia nini. Nitawasoma wote.